Hakuna Anayepita Ugogo Bure

Dodoma baiskeli ina kazi zake, na kila mtu anazijua. Inabeba mkaa kutoka porini, magunia matatu yaliyofungwa kwa ustadi ambao wahandisi wa madaraja wangestahili kuja kuutazama. Inabeba madumu ya maji. Inabeba mama, mtoto wa mama na kuku wa mama. Mama na mtoto wanakwenda zahanati, kuku anashukia mnadani. Ikibidi inabeba baiskeli nyingine iliyokatika cheni. Ambacho hakuna aliyekitegemea, tangu reli ya Mjerumani ilipofika hapa mwaka 1910, ni baiskeli kumbeba mtumishi wa umma mwenye mshahara, mke na nauli ya basi, anayekwenda Babati na hatimaye Arusha kwa hiari yake mwenyewe, tena akiwa na hema.

Hapo ndipo ulipo mzigo wa siku ya kwanza. Wazoefu wa safari ndefu za baiskeli husema siku hiyo huumiza mapaja, viganja na sehemu ile ambayo mtu huikalia. Ni kweli, inaumiza. Lakini viungo hivyo vina mwenyewe mmoja, na mwenyewe akivikaripia vinanyamaza. Watu hawanyamazi. Katika nyanda hizi za kati, mwenye baiskeli iliyoning'inizwa mikoba miwili pembeni na hema nyuma hawezi kupita mbele ya kibanda, kisima wala zizi bila kudaiwa maelezo.

Desturi hiyo ina umri. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikuwa lazima ikatize Ugogo, nchi kame ambako maji yalikuwa na wenyewe. Mtemi alikuwa na visima vyake, na aliyetaka kunywa na kupita salama alitoa hongo: merikani, kaniki, shanga, waya za shaba. Mbele kidogo alikuwapo mtemi mwingine, na visima vingine. Wapelelezi Burton na Speke walilipa mwaka 1857. Stanley alilipa mwaka 1871. Wote wakaandika manung'uniko marefu vitabuni, jambo linalothibitisha kwamba malipo yalipokelewa. Ila njia yao ilielekea magharibi. Mimi nilikuwa naelekea kaskazini, kwa barabara ya Kondoa, nikiwa na chupa za maji nilizojaza mwenyewe bombani kwangu. Sikuona kwa nini mtu yeyote anidai chochote.

Wa kwanza kunidai alikuwa mke wangu.

"Babati si kuna mabasi?"

"Yapo."

"Yamegoma?"

"Hayajagoma."

"Sasa?"

Hiyo "sasa" haina jibu. Nilimweleza habari za hewa safi. Nilimweleza habari za kiuno kinachokaa ofisini Mtumba kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa. Nilimweleza habari za Tour d'Afrique, msafara wa baiskeli ulioanza mwaka 2003 unaotoka Cairo kwenda Cape Town, ambao umewahi kupita hapa hapa Dodoma. Alisikiliza mpaka mwisho, akachukua simu, akampigia kaka yake aje anisindikize.

Shemeji yangu ni Msukuma wa Shinyanga, na Usukumani baiskeli ina hadhi yake. Huko hufungwa vioo na redio, hupambwa, na mbio zake hujaza uwanja. Alifika na Phoenix nyeusi yenye gia moja, yaani ile ya kwenda, na keria aliyochomelea kwa nondo. Mzigo wake ulikuwa blanketi moja, redio na kopo la solusheni ya kuzibia pancha. Akaizunguka baiskeli yangu taratibu. Ilikuwa ya mtumba, imetoka Ulaya ndani ya kontena, ina gia 21. Akaitazama, akanitazama.

"Shemeji, tunakwenda kumwona nani?"

"Hatuendi kumwona mtu."

"Kuna msiba?"

"Hakuna."

"Kuna mtu unamdai?"

"Shemeji, tunakwenda tu."

Akakaza redio yake kwenye usukani. "Basi sawa, shemeji," akasema, kwa ile sauti ya upole inayotumika wodini.

Tulitoka Jumamosi moja ya mwezi Agosti, saa kumi na mbili asubuhi. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri ya Agosti hakuna mtu anayehitaji kuambiwa hivyo, vidole vinajua. Barabara yenyewe ni nzuri. Ni kipande cha ile Barabara Kuu ya Kaskazini ambayo Waingereza waliiota ikitoka Cape Town hadi Cairo, na kwa miaka mingi kutoka Dodoma mpaka Babati ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Lami yake, kilomita 251, ilifunguliwa Aprili 2018. Mtu akiitazama kwenye ramani anaona mstari mweusi usio na kizuizi. Ramani haionyeshi Msalato.

Kuondoka Dodoma kuelekea kaskazini siku ya Jumamosi kuna tatizo hilo moja la kijiografia. Jumamosi ndiyo siku ya mnada wa Msalato, na mnada wa Msalato ndiko Dodoma nzima inakokwenda kula nyama. Wanakwenda mawaziri, wanakwenda madereva wa mawaziri, wanakwenda wanachuo wa UDOM waliopata fedha zao za kujikimu. Shemeji alinusa moshi tukiwa bado mbali, akasema tusimame tunywe maji.

"Maji tunayo, shemeji."

"Haya ya kwetu ni ya safari."

Mbavu za mbuzi zilikuwa zimeshachomekwa kwenye vijiti kuuzunguka moto, lakini hazijaiva. Hilo ndilo lililotuponza. Nyama iliyoiva mtu anaila akaondoka. Isiyoiva inasubiriwa, na anayesubiri nyama karibu na baiskeli yenye hema anageuka kuwa kikao cha hadhara. Mchomaji aliuliza tunauza nini. Dalali wa ng'ombe alidhani ni wahubiri, akataka kujua mkutano utaanza saa ngapi na kama kutakuwa na vipaza sauti. Kijana mmoja aliyekuwa akifanya kazi ya ujenzi kwenye uwanja mpya wa ndege wa Msalato alitusikiliza kwa huzuni ya kweli.

"Yaani sisi tunahangaika kujenga uwanja wa kimataifa hapa," akasema, "na ninyi mnaondokea hapa hapa kwa baiskeli?"

Nilimwambia hatukuwa na nia mbaya na mradi. Akasema yeye hana neno, ila wakubwa wasituone.

Tulipotoka Msalato jua lilikuwa limepanda, shati limekaza tumboni, na upepo umeamka. Upepo wa Dodoma wakati wa kiangazi hutoka mashariki na hauna haraka ya kwisha. Kwa anayeelekea kaskazini unamkuta ubavu wa kulia. Nchi yetu tunapita kushoto, kwa hiyo kazi ya upepo ni kukusukuma utoke barabarani, na kazi yako ni kuegemea upande wake ili ubaki. Mnaelewana hivyo, wewe umelala kulia, yeye anakusukuma kushoto, mpaka linapokuja lori la mizigo. Lori likikupita kwa kulia linaukata upepo ghafla, na wewe uliyekuwa umeuegemea unajikuta unaliegemea lori. Likishapita, upepo unarudi na madeni yake yote, unakutupa kushoto nje ya lami.

Na nje ya lami kuna mbigili.

Mbigili ni mmea unaotambaa chini kwa unyenyekevu, una vimaua vidogo vya njano ambavyo mgeni anaweza hata kuvisifu. Tunda lake likikauka hupasuka vipande vyenye miiba, na kila kipande kimeundwa ili, vyovyote kitakavyoanguka, mwiba mmoja uelekee juu. Mwenyezi Mungu alikipa kiumbe hiki umbo hilo zamani sana kabla ya matairi kuvumbuliwa, na kikasubiri kwa subira. Lori la kwanza lilinipeleka kwenye mbigili kwa gurudumu la mbele. Lori la pili lilinipeleka kwa magurudumu yote. Shemeji alipita katikati ya mbigili zile zile, matairi yake manene yakazikanyaga, akasimama mbele kunisubiri huku redio yake ikisoma matangazo ya vifo.

Fundi tulimpata Veyula, chini ya mti, akiwa na karai la maji, kipande cha msasa na watazamaji. Kuziba pancha ni kazi ya dakika chache kwa mtu anayeijua: unatoa tyubu, unaijaza upepo, unaizamisha kwenye karai, unatazama mapovu yanatokea wapi, unaparua, unapaka solusheni, unabandika kiraka. Tatizo lilikuwa pale kwenye kuijaza upepo. Baiskeli nyingi za Ulaya zina valvu nyembamba, ndefu, yenye kinati kidogo kichwani. Pampu ya fundi ilitengenezwa kwa valvu nene inayojulikana kuanzia Veyula mpaka Kigoma. Akajaribu kuiunganisha kwa kitambaa. Akajaribu kwa ganda la kalamu. Akaita fundi mwenzake, ambaye alikuja, akaichungulia valvu kwa jicho moja, akauliza swali ambalo lingeulizwa na kila mtu siku ile, ila yeye aliliuliza kwa niaba ya chuma.

"Hii imekuja kufanya nini huku?"

Pampu yangu mwenyewe ilikuwepo, ya kisasa, inayoingia mfukoni. Tuliipata ndani ya mkoba ikiwa imevunjika shingo, imelaliwa na sufuria.

Fundi akafanya uamuzi. Akaweka kando tyubu yangu ya Ulaya, akachukua mpya ya dukani kwake yenye valvu nene, na kwa kuwa tundu la rimu lilikuwa jembamba kwa valvu hiyo, akachukua tupa ya mviringo, akaanza kulipanua. Watazamaji wakasogea. Kijiko chake kimoja cha kufungulia tairi hakikutosha kwa tairi langu gumu, hivyo nikamfungulia mfuko wa hema nikampa kigingi kimoja, cha aluminiamu, kipya, kimepinda kichwa vizuri. Alikitumia kwa furaha, akasema ni chuma cha maana sana. Alipomaliza gurudumu la pili aliinua baiskeli, akaidundisha chini, akapangusa mikono.

"Sasa imepata uraia," akasema. "Ikikwama popote nchi hii, watakuelewa."

Gharama yake ilikuwa ndogo. Maelezo tuliyolipa kwa wale watazamaji ndiyo yaliyotuchelewesha hadi jua likasimama utosini.

Makutupora tulinunua zabibu. Agosti huwa ni mavuno, na kijijini hapo kipo kituo cha utafiti wa zabibu, kwa hiyo mtu anayepita Makutupora bila zabibu angeweza kulazimika kutoa maelezo ya ziada. Mama aliyetuuzia alinipimia kilo mbili, akaniona nikimeza maji ya chupa.

"Hayo umejaza wapi, baba?"

"Nyumbani kwangu. Mjini."

"Yametoka hapa," akasema bila kuinua macho kwenye mizani.

Nikakumbuka kwamba ni kweli. Maji ya bomba la Dodoma kwa miongo mingi yametegemea visima vya Mzakwe, katika bonde hili hili la Makutupora. Yalikuwa yamesukumwa kwenye mabomba mpaka kwangu, nikayajaza kwenye chupa, nikayabeba kwa miguu yangu mwenyewe dhidi ya upepo, nikayarudisha kwao. Watemi wa zamani walidai shanga na kaniki kwa jambo hilo. Mama huyu alidai tu kujua tunakwenda wapi, na alipoambiwa Arusha, akatuongezea kishada kimoja cha huruma.

Zabibu niliziweka kwenye mkoba wa kulia, juu ya nguo. Shemeji, kwa nia njema, alihamishia huko huko jiko na sufuria ili mizigo ilingane. Kilomita chache baadaye mguu wangu wa kulia ulianza kulowa kitu cha baridi, chekundu, chenye kunata. Nyuki wa Ugogo ni wachapakazi. Walitufikia kabla sijasimama. Suruali yangu ya akiba, shati la akiba na kitabu cha kumbukumbu za safari vilikuwa vimepata rangi ambayo sabuni haijawahi kuiondoa, na mkoba mzima ulikuwa unaelekea kuwa mvinyo.

Tulipumzika chini ya mbuyu. Neno "chini" hapa litumike kwa uangalifu. Kiangazi mbuyu hauna jani hata moja, kwa hiyo kivuli chake ni cha shina tu, na shina linakizungusha kivuli hicho kama mshale wa saa. Tulilala upande mmoja, jua likatufuata, tukahama, likatufuata tena. Tukiwa katika kuhama huko, mzee mmoja alitupita barabarani akikanyaga pedeli polepole, kofia ya pama kichwani, mbuzi wawili hai wamefungwa kwenye keria. Alikuwa anapanda mlima na alikuwa anapiga mluzi.

"Mbukwa!" akatusalimu.

"Shikamoo, mzee!"

"Marahaba. Mmeharibikiwa?"

"Hapana mzee, tunapumzika."

Akaangalia baiskeli ya gia 21, akaangalia mguu wangu mwekundu, akaangalia nyuki. "Poleni sana," akasema, akaendelea na mluzi wake. Mbuzi mmoja aligeuza shingo kututazama mpaka alipopotea kwenye kona.

Mpango ulikuwa kulala mbele ya Mayamaya, karibu na milima ya Chenene. Jua lilipoanza kushuka tulikuwa bado hatujaiona Mayamaya yenyewe. Tukaacha lami, tukakata kupitia mabua ya uwele uliokwisha kuvunwa, tukapata uwanja mzuri, tambarare, hauna mbigili. Mtoto mmoja alikuwa akirudisha ng'ombe. Tulimwuliza kama tunaweza kulala pale. Akasema pale ni kwa babu. Tukamwomba akatuombee kwa babu. Akaacha ng'ombe wajipeleke wenyewe, akakimbia.

Naomba msomaji auone uwanja ule kwa macho ya babu, anayesimama mlangoni kwake magharibi hiyo, mtoto anahema mbele yake. Katikati ya shamba kuna watu wawili wasiojulikana. Mmoja, mrefu, anatembea kwa hatua ndefu zinazolingana, anahesabu kwa sauti: tano, sita, saba; anageuka, anahesabu tena. Ni shemeji anatafuta mahali hema litakapoenea. Mwingine amesimama na simu juu ya kichwa, anazunguka taratibu, anaitazama, anasogea, anaiinua tena. Ni mimi natafuta mtandao nimjulishe mke wangu kwamba kaka yake yu hai. Kisha yule mrefu anachukua jiwe, anapiga magoti, na mlio unasikika shamba zima: ko, ko, ko. Anapigilia kigingi ardhini.

Dodoma kigingi si kitu cha mchezo. Serikali iliamua kuhamia hapa mwaka 1973, ikaunda CDA ya kustawisha makao makuu, na CDA ikapima viwanja mpaka ilipovunjwa mwaka 2017. Baada ya hapo upimaji haukupungua. Mji ulitangazwa kuwa jiji Aprili 2018, na jiji lina njaa ya viwanja. Mtu wa pembezoni mwa Dodoma anajua utaratibu: leo vinakuja vigingi, kesho zinakuja namba za viwanja, keshokutwa shamba la uwele lina jina la mtaa na mtu amejenga ghorofa pale mlipokuwa mnatwangia.

Walikuja kama kumi na watano. Mbele alikuwa babu, pembeni yake mwenyekiti wa kitongoji akiwa na kitabu cha wageni ndani ya mfuko wa plastiki, nyuma vijana, na nyuma ya vijana kina mama waliokuja kuhakikisha vijana hawafanyi jambo la kijinga kabla hawajaliona wao.

"Shikamooni," nikasema.

"Marahaba," akasema mwenyekiti. "Nani amewatuma kupima hapa?"

"Hatupimi, mwenyekiti. Tunalala."

"Mnalala," akarudia, akilitazama hema lililokuwa bado limejilaza chini, la rangi ya machungwa. "Na hizo bikoni?"

"Ni vigingi vya hema."

"Mmetoka wapi?"

"Dodoma mjini."

Minong'ono ikapita nyuma.

"Ofisi gani?"

Hili ni swali ambalo mtumishi wa umma hujibu kwa fahari, nami nikaitaja wizara yangu, ambayo haina uhusiano wowote na ardhi. Haikusaidia. Kwa aliye shambani kwake wizara ni wizara. Nikaeleza hewa safi. Nikaeleza kiuno. Nilipofika kwenye wazungu wa Cairo, mwenyekiti alinikatiza.

"Wale tuliwaona. Mzungu tunamwelewa, hana shamba huku. Wewe una nyumba, umeiacha ina kitanda, umekuja kulala chini kwenye uwele wa watu."

Nikatafuta msaada kwa shemeji. Shemeji alikuwa amesimama upande wao. Si kwa uhaini, nadhani, bali kwa sababu walikuwa wanauliza yale yale aliyotaka kuyauliza tangu Dodoma, na sasa angepata jibu.

Babu ndiye aliyeleta suluhu. Alisema wageni hawafukuzwi usiku, tutalala kwake ndani, na vigingi vyote ving'olewe na vihesabiwe, kisiachwe hata kimoja ardhini kikaja kuota hati. Wazo likapita bila kupingwa. Vijana waling'oa vigingi, mwenyekiti akavipanga kwenye kanga ya mama mmoja, akaomba mfuko wa vigingi, akausoma kwa tochi ya simu. Mfuko uliandikwa 12.

Kwenye kanga vilikuwa 11.

Sijapata kuona ardhi ikitafutwa kwa bidii vile. Tochi kumi na tano zilipita kwenye mabua, mstari kwa mstari. Mtoto mchunga ng'ombe alipewa jukumu la kichuguu. Mama mmoja alisema kwa sauti, bila kumlenga mtu, kwamba ndivyo wanavyofanya, wanakuachia kimoja katikati. Ilikuwa imepita nusu saa shemeji aliposimama wima ghafla gizani.

"Fundi," akasema.

Kigingi cha kumi na mbili kilikuwa Veyula, kwenye sanduku la fundi, kinafungua matairi ya watu. Tulieleza. Tulieleza valvu nyembamba, tupa, kijiko kisichotosha, lori la kwanza na lori la pili. Nilimwonyesha mwenyekiti tundu la rimu lililopanuliwa; akasogeza kidole karibu nalo, akachungulia, akakubali kwamba hiyo ni kazi ya tupa. Ndilo lililokuwa neno langu la kwanza kuaminiwa tangu asubuhi. Akaandika kitabuni kwamba kigingi kimoja kipo Veyula na si mali ya kijiji.

Chakula kilikuwa ugali wa uwele na mlenda, na kwa mtu aliyekanyaga pedeli siku nzima, mlenda ni rehema, unajipeleka wenyewe. Sisi tulichangia zabibu zetu, zile zilizobaki na umbo. Shemeji akawasha redio, akamweleza babu habari za mashindano ya baiskeli Shinyanga, na kila alichokieleza yeye kikaeleweka mara moja. Mimi nikapewa kitabu cha wageni nijaze: tarehe, jina, ninakotoka, cheo, madhumuni ya safari, saini. Kwenye madhumuni niliandika "kutembea", kwa sababu nafasi yenyewe ilikuwa ndogo.

Watu walipotawanyika, mwenyekiti hakuondoka. Alisubiri babu aingie ndani, akavuta kigoda karibu na changu.

"Ndugu yangu," akasema kwa sauti ya chini, "mimi nina eneo langu kule nyuma ya kisima. Miaka yote nalitafutia upimaji, sijapata mtu. Jirani anasogea kila msimu, tuta moja moja. Sasa ninyi, kwa vile vifaa mnavyo..."

"Mwenyekiti, nilikwambia sisi si wapimaji."

"Ulisema. Lakini simu unayo, vigingi kumi na moja unavyo, na huyu bwana anahesabu hatua vizuri, nimemwona."

Nilimtazama shemeji. Alikuwa ameshasimama, anavaa viatu. Tukaenda watatu na tochi, shemeji akapiga hatua zake, mia moja na ishirini upande mmoja, themanini upande mwingine, kwa umakini mkubwa kuliko aliouweka kwenye hema. Niliinua simu, kwa kuwa nilitakiwa kuiinua. Mwenyekiti akaziandika hatua nyuma ya kitabu, akapiga mstari chini yake. Kisha akarudi ukurasa wa mbele, akalikata neno "kutembea", juu yake akaandika "upimaji", akanipa kalamu nisaini pembeni ya marekebisho, kwa kuwa, alisema, likisomwa namna hiyo hata mtendaji wa kijiji ataelewa mlikuja kufanya nini.